Toa nyama kwanza ndo uponde ndizi: maswali yenu ya picha za nebula

Haya wapenzi wa usiku, tangu tutoe ukurasa wa nyuma ile picha ya Jabari (kundinyota la Orion) na nebula yake, yaani lile wingu la gesi angani, simu yangu haijapumzika, na karibu wote mnauliza kitu kilekile kwa njia tofauti, nyota zitolewe au ziachwe, na zikishatolewa zinarudije. Wengi mko hukuhuku Arusha na Moshi kwahiyo nitajibu kama naongea na jirani. Barua nimezikata kidogo, kuna mtu aliandika kurasa nne na tatu kati ya hizo ni malalamiko ya baridi.

Fundi mambo vipi. Niko Sakina hapa Arusha. Januari nilienda na machalii wangu wawili mpaka kule juu Monduli tukapiga Jabari, kamera ya mtumba, lenzi ya 50, fremu 200 za sekunde 4 bila traka (kile kifaa cha kuizungusha kamera ifuate nyota). Nikastaki, yaani nikaziunganisha zote kuwa picha moja, kwenye programu ya Siril, nikavuta mwanga, nikapitisha StarNet (programu ya kuondoa nyota), aisee wingu likatoka safi sikuamini. Shida ni kurudisha nyota. Zile zilizo juu ya wingu zimefifia, zingine zina pete nyeusi, na ukiangalia picha nzima ni kama mtu kamwaga chumvi juu ya meza. Nimekosea wapi?
Chalii wa Sakina

Poa chalii wangu. Hujakosea sana, kuna hesabu moja tu imekupiga chenga na hata mimi ilinitesa karibu mwaka mzima. Ila ngoja nianzie jikoni.

Mama yangu akipika mtori anachemsha ndizi na nyama sufuria moja. Zikiiva anatoa nyama yote anaweka kwenye bakuli pembeni, ndo anashika mwiko anaponda ndizi mpaka zilainike, alafu anarudisha nyama. Nyama anaitaka, tena sana, ila anajua ukiponda nayo humohumo unaharibu vyote viwili. Sasa StarNet ndo huko kutoa nyama. Wingu la Jabari ni hafifu mno, lazima ulivute mwanga kwa nguvu ndo lionekane, wakati nyota zenyewe ziko wazi tangu mwanzo, kwahiyo ukivuta vyote pamoja nyota zinavimba zinakuwa mipira myeupe kabla wingu halijatoka vizuri. Unatenganisha, unaliponda wingu unavyotaka, nyota unazigusa kidogo tu, unarudisha.

Sasa kosa lako. Ulivuta mwanga kwanza, ukapitisha StarNet, ukabaki na picha mbili, ile isiyo na nyota na ile ya nyota peke yake, na hii ya pili imepatikana kwa kutoa, yaani picha nzima toa picha isiyo na nyota. Alafu naweka dau ulirudisha kwa modi ya Screen kwenye GIMP, ile programu ya kuhariri picha, maana kila video ya YouTube inasema hivo. Chukua pikseli moja tu, katikati ya nyota iliyokaa juu ya wingu zito la M42, yaani nebula yenyewe ya Jabari. Tuseme nyeusi kabisa ni 0 na nyeupe kabisa ni 1. Kwenye picha nzima pikseli hiyo ina 0.80, StarNet ikaondoa nyota ikabaki 0.50 ya wingu, ukitoa unapata nyota ya 0.30. Screen lakini haijumlishi! Screen inazigeuza picha zote mbili kama zile negativu za zamani, inazizidisha, alafu inageuza tena. Kwahiyo 1 toa 0.50 ni 0.50, 1 toa 0.30 ni 0.70, ukizidisha ni 0.35, ukigeuza ni 0.65. Ulianza na 0.80 umerudi na 0.65, nyota imeliwa njiani. Na wingu likizidi kung'aa ndo nyota inazidi kuliwa, kwenye anga jeusi tofauti huioni kabisa, ndo maana wewe unaona ugonjwa uko juu ya wingu tu.

Dawa rahisi ni kwamba kama ulizipata kwa kutoa basi zirudishe kwa kujumlisha, 0.50 na 0.30 ni 0.80, imeisha hiyo. Tatizo ni kwamba ukishaling'arisha wingu, jumla inaweza kuvuka 1 na moyo wa nyota unaungua. Mimi nilikuwa napenda njia nyingine, unatengeneza ile picha ya nyota kwa hesabu ya Screen iliyorudishwa kinyumenyume. Ile 0.30 unaigawa kwa 1 toa 0.50, unapata 0.60. Sasa piga Screen ya 0.50 na 0.60, ni 0.50 mara 0.40, ni 0.20, geuza, 0.80. Imerudi vilevile. Kwenye Siril fungua Pixel Math, picha nzima iite a, isiyo na nyota iite b, andika (a - b) / (1 - b) alafu hifadhi hiyo kama picha yako ya nyota. Dakika mbili hazifiki.

Nimesema nilikuwa napenda, maana siku hizi sifiki huko, naondoa nyota kabla sijavuta mwanga wowote. StarNet yenyewe imefundishwa kwa picha zilizokwishavutwa, ukiipa picha ghafi ile nyeusi tii haioni kitu, ila ndani ya Siril kuna kiboksi unakitiki, inaivuta picha kwa muda, inaondoa nyota, alafu inairudisha ilivyokuwa. Hapo unabaki na wingu ghafi na nyota ghafi, kila kimoja unakivuta kivyake kwa mkono wako, alafu unaviunganisha kwenye kile kidirisha cha Star Recomposition ukiwa unaona matokeo palepale. Lakini kabla ya hapo kata kingo za picha iliyostakiwa, ondoa mwanga wa mji kwa GraXpert ambayo ni ya bure, na rekebisha rangi. Ukipiga kutoka Monduli mwanga wa Arusha mjini unakuja toka mashariki, upande mmoja wa picha unakuwa na rangi kama ya chai ya maziwa, na ukishaondoa nyota huo mwanga unafanana na nebula kabisa, utaupamba wee mpaka watu wakuulize ni wingu gani hilo.

Hizo pete nyeusi ni kitu kingine, uliinoa picha kabla ya kuondoa nyota, si ndio? Kunoa kunaichorea kila nyota duara jeusi, StarNet inaing'oa nyota inaacha shimo lake. Usinoe kitu mpaka nyota zitoke.

Na ile chumvi. Chumvi inatokea kwasababu umelisafisha wingu chenga zote (vile vidoti kama vya TV isiyoshika) mpaka limekuwa laini kama plastiki, alafu juu yake ukabandika nyota zote kwa nguvu yake yote na zote nyeupe. Acha chenga kidogo kwenye wingu. Nyota zivute taratibu ili rangi zibaki, na kipimo unacho humohumo kwenye Jabari, Betelgeuse iwe ya chungwa na Rigel iwe ya bluu kwa mbali, kama zote mbili ni nyeupe umezivuta kupita kiasi, rudi nyuma. Mimi nyota narudisha kwa ukolezo wa asilimia 60 au 70 hivi kwenye picha pana, macho yanakwenda kwenye wingu bila kuhisi kuna kitu kimeondoka.

Jambo la mwisho na usikasirike, fremu 200 za sekunde 4 ni dakika 13 na sekunde 20 tu. Chenga zinapungua kwa kipeuo cha pili, ukitaka zipungue nusu unahitaji fremu mara nne, yaani 800. Lenzi ya 50 kwenye kamera yenye sensa ndogo inachukua Jabari lote na kile kitanzi chekundu alichokipiga picha mpigaji wa anga Barnard mwaka 1894, kiko pale kwenye fremu zako, ila kwa dakika 13 kinalingana na chenga na hakuna programu itakayokutolea. Mwezi wa kwanza ujao rudini Monduli, na safari hii bebeni makoti.

Habari Fundi. Nina duka la fremu na picha hapa Moshi mjini, mume wangu ndo mpigaji. Wageni wakishuka mlimani wanapenda kununua picha za anga. Ametoa picha kubwa ya eneo la Nge na Mshale (Scorpius na Sagittarius) bila nyota hata moja, mawingu matupu, ni nzuri kusema ukweli, lakini mteja akaniuliza dada hii ni mchoro? Nikakosa jibu. Mimi namwambia mume wangu huo ni uongo, yeye anasema mimi sielewi sanaa. Tumegombana mpaka kwenye chakula. Tuamulie.
Mama wa Fremu, Moshi

Shemeji pole, na mwambie ndugu yangu kwamba leo nitamuudhi kidogo.

Picha isiyo na nyota mimi sioni kama ni uongo, mradi imeandikwa chini kwamba nyota zimeondolewa kwa kompyuta. Kakaratasi kadogo tu nyuma ya fremu, ugomvi umeisha, na mteja akiuliza una jibu. Wengine wanaipenda hivo kwasababu unaona jinsi gesi ilivyotanda, mikunjo, mabonde, vitu ambavyo kwenye picha ya kawaida vimefunikwa na maelfu ya nyota. Hata mimi nikiwa nasoma picha yangu naifungua hiyo kwanza.

Ila kwa eneo hilo alilochagua, Nge na Mshale, hapo ndo namkatalia. Pale ndo upande wa katikati ya Njia Nyeupe, na kitu kikubwa pale ni yale mapande meusi, vumbi. Hilo vumbi halina taa yake. Unalijua lipo kwasababu linaziba nyota zilizo nyuma, kama unavyojua Kilimanjaro ipo usiku wa giza, mlima huuoni, unaona tu mahali ambapo nyota hazipo. Watu walibishana miaka mingi kama yale ni matundu angani au ni mawingu, na Barnard huyohuyo, Mmarekani aliyetumia maisha yake kupiga picha za Njia Nyeupe, mwaka 1919 akatoa orodha ya sehemu 182 nyeusi, na alichokuwa anakisoma kwenye zile sahani za vioo ni nyota, wapi zimejaa na wapi zimekatika ghafla. Sasa ukiziondoa zote umeondoa ushahidi. Na kuna zaidi, pale nyota zimejaa kiasi kwamba StarNet haina pa kuegemea, kila ikiondoa moja inabidi ibuni kilichokuwa nyuma yake, ikiondoa elfu kumi imebuni sehemu kubwa ya picha. Jabari lina nafasi kati ya nyota kwahiyo inabuni kidogo. Mshale hapana. Mwambie azoom mpaka asilimia 100 aangalie, ataona mabaka laini laini kama rangi ya maji iliyoguswa na kidole.

Kwahiyo hukumu yangu, shemeji, ni kwamba ya Jabari auze bila nyota akipenda na akiandika. Ya Nge na Mshale arudishe nyota, azipunguze ukali, ndogondogo zibaki zote kwa mbali maana ndo zinazoonyesha vumbi, alafu achape tena. Na akichapa kwenye karatasi isiyong'aa aongeze mwanga kidogo kuliko anavyoona kwenye skrini, skrini ina taa nyuma na karatasi haina, picha nyingi za anga hapa mjini zinatoka nyeusi kama kaniki kwasababu hiyo tu.

Chakula msigombanie.

Oya Fundi, laptopu yangu ina RAM 4 tu, StarNet nikiianzisha inaganda mpaka naizima kwa kidole. Nifanyeje, sina hela ya nyingine.
Dogo wa Kwa Mromboo

Dogo, punguza picha nusu kwa urefu na nusu kwa upana kabla ya kuipitisha. Ya megapikseli 24 inakuwa 6, kazi inabaki robo, na kwa picha pana ambayo utaiweka WhatsApp hakuna atakayejua. Chenga nazo zinapungua humohumo. Funga kivinjari, funga kila kitu, ianzishe ukaenda kula, usikae unaiangalia. Ikigoma na hapo basi kata picha vipande viwili vinavyopishana katikati, kila kimoja peke yake, uviunganishe kwenye GIMP.

Fundi salaam. Nimenunua traka, nafanya fremu za sekunde 60 kwa lenzi ya 135 hapa nyumbani Usa River. StarNet inaondoa nyota kubwa vizuri lakini inaacha vitu kama punje za mchele picha nzima, vyote vimelala upande mmoja. Nimejaribu na programu nyingine ya kulipia, inaacha punje chache lakini zipo. Maelekezo ya traka yanasema niilenge kwenye Polaris, ile nyota ya ncha ya kaskazini, mimi hiyo Polaris siioni, nimeitafuta nyuma ya Meru mpaka nimechoka.
Msomaji wa Usa River

Kaka pumzika, Polaris huwezi kuiona hata wakiung'oa Meru wote. Sisi huku tuko kusini ya ikweta kama nyuzi 3 na nusu hivi, Polaris iko chini ya upeo wa macho, imezama kwetu siku zote. Maelekezo yaliandikwa kwa watu wa Ulaya. Ncha yetu sisi ni ya kusini, na yenyewe iko nyuzi 3 tu juu ya upeo, yaani nyuma ya migomba ya jirani, na nyota iliyo karibu nayo ni hafifu kiasi kwamba kwa urefu huo na vumbi la huku hutaiona. Kwahiyo ile darubini ndogo ya kulengea iliyo kwenye traka kwako wewe ni pambo.

Na hizo punje ndo jibu lake. Hizi programu zimefundishwa kwamba nyota ni kitu cha duara. Nyota yako imevutika kwasababu traka inazunguka kwenye mhimili usio sawa, kwahiyo programu ikiiona inasita, hii ni nyota au ni uzi wa wingu, kubwa inang'oa, ndogo inaacha. Usihangaike kuipitisha mara tatu mara nne, ukifanya hivo itaanza kula wingu lenyewe. Tibu nyota kule nje uani.

Nafanya hivi mimi. Tripodi naisawazisha kwa pimamaji, hiyohiyo ya mafundi ujenzi. Mhimili wa traka nauinamisha uelekee kusini, nyuzi 3 na kidogo, unakuwa umelala karibu kabisa, na vifaa vingine havishuki mpaka hapo kwahiyo itabidi ucheze na mguu mmoja wa tripodi. Kusini naipata kwa dira ya simu nikiwa nimesogea mbali na gari na geti la chuma. Hapo bado sijamaliza, hapo niko jirani tu. Alafu nalenga nyota iliyo karibu na utosini, napiga fremu ya dakika mbili. Kama imekimbilia kaskazini au kusini, mhimili umekosea kulia au kushoto, nausogeza nywele moja, napiga tena, ikizidi nimekosea upande narudi. Ikitulia nalenga nyota iliyo chini upande wa mashariki, sasa hiyo inaniambia kama mhimili uko juu sana au chini sana, narudia mchezo uleule. Mara ya kwanza ilinichukua saa nzima na mbwa wa jirani hawakunipa amani. Sasa hivi dakika 20.

Mpaka uweze hilo, shusha fremu ziwe sekunde 20. Utazipiga nyingi zaidi, jumla ya muda ni ileile, na punje zitakuwa nyota. Na kama punje ziko kwenye kona tu huku katikati ni safi, hapo traka haina kosa, ni lenzi, punguza tundu lake la mwanga mpaka f/4 uone.

Mwanangu, mimi ni mzee wa Machame, nimelima kahawa maisha yangu yote, macho bado yanaona. Mjukuu wangu amenionyesha picha ya Kilimia kwenye simu, nyota zote ameziondoa umebaki moshi wa bluu, ananiambia babu hii ndo Kilimia. Nimemwambia hiyo siyo. Pia nataka kujua huo wekundu wa Jabari wanaoupiga mbona mimi sijawahi kuuona, na nimetembea usiku tangu kabla ya umeme.
Babu wa Machame

Shikamoo babu. Umemjibu sawasawa, na mjukuu wako asikie hapa.

Huo moshi wa bluu wa Kilimia hauwaki wenyewe. Ni vumbi ambalo zile nyota zinapita ndani yake sasa hivi, na bluu tunayoiona ni mwanga wa nyota zilezile unaodunda kwenye vumbi, kama taa ya pikipiki inavyoonyesha ukungu asubuhi kule kwenu. Sasa mtu akiondoa nyota za Kilimia akabakiza bluu, amekuonyesha ukungu akaificha pikipiki. Jabari ni tofauti, lile wingu ni gesi ya haidrojeni, nyota kali zinaipiga kwa miali ya urujuanimno na gesi yenyewe inawaka kwa rangi yake, ndo maana ukiondoa nyota za Jabari picha inabaki na maana. Na jina lenyewe Kilimia limetokana na kulima, wazee mliziangalia hizo nyota mjue majira ya shamba, hakuna aliyeangalia moshi.

Kuhusu wekundu, babu, macho yako hayana kosa lolote. Ule wekundu uko kwenye wimbi la nanomita 656, na macho ya binadamu gizani yanatumia sehemu yake ambayo haitambui rangi na kwa wekundu wa namna hiyo ni kama kipofu. Unaona ukungu wa kijivu chini ya mkanda wa Jabari, si ndio? Ndo wingu lenyewe hilo. Hata kamera za kawaida zinaukosa mwingi kwasababu kiwandani wanaweka filta mbele ya sensa inayozuia wekundu wa mwisho mwisho ili ngozi za watu zisitoke nyekundu kwenye picha za harusi. Wapigaji wengine wanaipeleka kamera kwa fundi inafunguliwa hiyo filta inabadilishwa, ndo unaona mapicha mekundu hivo. Mjukuu akija likizo mwambie akurudishie nyota zote, kwenye Kilimia asipunguze hata moja, na zile kubwa aziache na miale yake.

Fundi nadhani nimegundua kitu. Nimepiga eneo la Mkuku (kundinyota la Carina) mwezi wa sita kutoka Kisongo, nikaondoa nyota, na upande wa kulia wa nebula kubwa pametokea duara, kubwa, lina kiza pembeni na katikati pana weupe, kama andazi lenye tundu. Nimeangalia ramani zote za anga halipo. Kwenye picha yenye nyota lilikuwa halionekani kabisa. Nimtafute nani?
Mgunduzi wa Kisongo

Mtafute mwenye kipuliza hewa cha kusafishia kamera, kaka. Hilo ni vumbi lililokaa mbele ya sensa yako, na kivuli chake kwenye picha kinatoka hivohivo, andazi lenye tundu. Nyota zilikuwa zinalificha, ukaziondoa, ukalivuta mwanga kama ulivyovuta wingu, likanenepa. Mimi mwenyewe niliwahi kumchapia mtu picha ya fremu kubwa yenye maandazi matatu, nikamwambia ni gesi iliyosukumwa na nyota inayokufa, na akafurahi, na mpaka leo imetundikwa sebuleni kwake na siendi kumtembelea.

Kupima ni rahisi. Fungua fremu zako mbili za usiku tofauti, au moja ulipoanza na moja baada ya kuisogeza kamera. Kama duara limebaki palepale kwenye fremu huku nyota zimehama, liko kwenye kamera. Kingine, anza kupiga flati, yaani fremu za weupe mtupu, usiku uleule kabla hujagusa lenzi wala fokasi, funika lenzi kwa fulana nyeupe iliyovutwa vizuri bila mkunjo, weka skrini ya laptopu nyeupe mbele yake, piga fremu 30 hivi, Siril itazitumia kufuta maandazi na ule weusi wa kona pia. Ziwekwe kabla ya kustaki, siyo baada.

Na mwezi wa sita kule Kisongo na malori yale yanayopita, usibadilishe lenzi nje. Ingia kwenye gari, funga vioo.